Siku Saba za Anwani ya Zamani

Mimi ni mtu wa kupanga. Hata sufuria zangu kule Kawangware zimepangwa kwa ukubwa, na mama mwenye ploti, ambaye amekaa hapo tangu pakiwa shamba la mahindi la babake, alizoea kunitania mbele ya wapangaji wenzangu kwamba hata kaburini nitaingia kwa foleni. Zamani nilikuwa nacheka naye. Siku hizi utani huo haunichekeshi, na nadhani aliona, maana ameuacha. Sijawahi kumwambia kwa nini.

Kazi yangu ni kutunza kompyuta za ofisi ndogo ya msaada wa kisheria huko Kibera, upande wa Sarang'ombe. Ofisi yenyewe ni vyumba vinne juu ya duka la mabati na misumari. Watu huja na shida za kila aina: huyu amefungiwa nyumba, yule mumewe ametoroka, mwingine mtoto wake ameshikwa na polisi akitoka dukani. Tuko watu sita. Mimi si wakili na sijifanyi wakili. Mimi ndiye anayeitwa printa ikikataa, tena huitwa kwa kelele, utadhani ni mimi niliyeiunda.

Barua pepe zote za ofisi zilikuwa zinakaa kwenye seva moja kongwe iliyofungiwa ndani ya kabati la mbao, nyuma ya mlango wa choo. Najua, najua. Si mimi niliyeiweka hapo, niliikuta. Stima ikipotea, na Kibera stima hupotea inapojisikia, seva ililala na barua za watu zikabaki nje. Barua pepe ikikuta mlango umefungwa haipotei papo hapo. Hurudi baadaye ikajaribu tena, na tena, kwa siku kadhaa, mpaka ifunguliwe au ichoke. Kwa hivyo hatukupoteza nyingi, lakini zilifika zimechelewa, na mambo ya korti hayangoji.

Mkubwa wetu, wakili mwenye sauti ya chini na macho ya mtu asiyelala vizuri, alikubali hatimaye tuhamie kwenye seva mpya ya kukodi, iliyoko ndani ya jengo la mitambo mjini ambako stima haikatiki. Nilifurahi sana. Nilichukua kalenda ya mwaka uliokuwa umepita, ile kubwa ya ukutani, nikaigeuza nyuma penye weupe, nikaanza kuchora mpango kwa rula.

Nitaeleza kidogo, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka hapo. Kompyuta hazijuani kwa majina, zinajuana kwa nambari. Majina ni yetu sisi watu. Katikati kuna kitu kinaitwa DNS, ambacho ni kama daftari la majina la intaneti nzima: ukiliuliza jina, linakupa nambari. Kuhamisha seva ya barua ni kubadilisha mstari mmoja kwenye daftari hilo. Jina linabaki lile lile, nambari inakuwa mpya. Kwenye kalenda yangu niliandika majina upande wa kushoto, nambari za zamani katikati, nambari mpya kulia. Seva nikazipa nambari za chini, printa nikazianzisha hamsini kwenda juu, nikaacha nafasi za baadaye. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Napenda tu vitu vikae mahali pake.

Shida ni kwamba kompyuta za watu wengine haziulizi daftari kila saa. Zikiuliza mara moja zinaweka jibu, zinalitumia mpaka muda wake uishe. Ni kama tunavyohama nyumba huku kwetu: ukitoka ploti moja kwenda nyingine unamwachia jirani neno, kwa sababu kuna watu watakaoendelea kubisha mlango wa zamani mpaka habari ziwafikie. Muda wetu ulikuwa siku saba. Aliyenitangulia ndiye aliyeuweka hivyo. Fundi mwenye akili zake, wiki moja kabla ya kuhama, hupunguza muda huo uwe dakika chache, akasubiri wiki ipite, ndipo akahama. Mimi nililijua hilo vizuri. Lakini mkubwa alikuwa ameshawaambia watu wote kwamba tunahama Jumapili ile, na mimi sikutaka kwenda kumwambia tungoje kwa ajili ya kitu ambacho hata kukieleza kunachosha. Nikasema si neno. Nitaiacha seva kongwe ikiwaka siku zote saba. Kila siku nitaichungulia, nikikuta barua iliyoenda mlango wa zamani nitaivusha mwenyewe kwa mkono. Nikachora visanduku saba vya kutia tiki, kimoja kwa kila siku. Vilikuwa vimenyooka, na niliviangalia kwa raha kabisa.

Sasa, wakati huo huo, kulikuwa na mama mmoja anayeuza makaa Silanga, upande mwingine wa Kibera karibu na bwawa. Ni mtu wa Magharibi, Mluhya, aliyekuja Nairobi na mumewe wakiwa vijana. Mume alishafariki na kuzikwa nyumbani. Binti yao mkubwa alikuwa ameenda nchi moja ya Ghuba kufanya kazi za nyumba. Siku moja mama akapigiwa simu na msichana mwingine wa huko huko, akaambiwa binti yake aliugua, akapelekwa hospitali, akafa. Simu ya ajenti aliyempeleka ikawa imezimwa tangu siku ile. Ndipo mama akapanda ngazi za ofisi yetu.

Tulikuwa na dada mmoja ofisini ambaye kazi yake ni kesi za wafanyakazi. Yeye ndiye aliyeiandikia ile hospitali ya Ghuba kuuliza mwili uko wapi na familia ifanye nini. Chini ya barua aliandika kwamba jibu lolote kwa familia litumwe kwa anwani ya ofisi yetu. Mama hakuwa na barua pepe, wala simu yake haikuwa ya aina hiyo. Yeyote wa huko aliyetaka kumfikia alikuwa na njia moja tu, na njia hiyo ilipitia kwangu.

Na mama hakuwa na mambo mengi. Hakutaka ajenti ashikwe. Hakutaka kesi, ingawa dada wa kesi alijaribu kumweleza kwamba kesi ipo. Alitaka mwili uje, binti yake alazwe nyumbani kando ya babake. Kwao mtu asiyezikwa nyumbani hajatulia, na waliobaki hawatulii. Alilisema hilo bila kulia, siku ya kwanza, akiwa amekaa kwenye benchi yetu ya wageni, na mimi nilikuwa hapo nikirekebisha waya.

Baada ya hapo alikuja kila siku ya kazi, saa kumi hivi, mikono imeoshwa lakini weusi wa makaa umebaki kwenye kucha. Mtu alimwambia kwamba barua hupitia kwa mashine zangu, kwa hivyo akawa haendi tena kwa dada wa kesi. Alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu, akaniuliza kama imekuja. Nikamwambia bado, mama. Akasema haya, kesho, akashuka ngazi polepole akishika ukuta. Nitasema ukweli, kwa sababu hakuna faida ya kuuficha hapa: kuna siku nilimwona dirishani akija nikatamani ningekuwa nimetoka kwenda soko la Toi kununua chochote. Sikuwa na jibu la kumpa, na uso wake ulinifanya nijione mvivu. Nilimkasirikia kwa hilo. Mtu mzima, namkasirikia mama wa watu kwa kuja kuuliza mtoto wake.

Jumapili ya kuhama ilifika. Nilitoka kanisani nikaenda ofisini peke yangu, nikabadilisha mstari wangu kwenye daftari, nikajitumia barua tatu za majaribio kutoka simu yangu, zikafika zote kwenye seva mpya. Nilijipigia makofi, kweli nilijipigia, mbele ya mlango wa choo. Jumatatu nilifungua seva kongwe nikakuta barua kumi na moja zilizoenda mlango wa zamani, nikazivusha. Jumanne zilikuwa nne. Jumatano moja, tangazo la viti vya plastiki. Alhamisi hakuna. Ijumaa hakuna.

Hiyo Ijumaa, mchana, nilisimama mbele ya kalenda na kalamu mkononi. Nilitia tiki ya Ijumaa. Visanduku viwili vilibaki, Jumamosi na Jumapili. Nikajiuliza, kwani nani anaandika barua ya ofisi Jumapili? Jumapili watu wako kanisani. Mimi mwenyewe ningekuwa kanisani Kawangware, sauti ya pili kwenye kwaya. Siku mbili nzima hakuna kitu kilichokuja, sasa nitoke kwangu nivuke mpaka Kibera kuangalia sanduku tupu? Nikatia tiki zote mbili kwa mkupuo. Jumatatu asubuhi niliizima seva kongwe bila kuitazama, nikakunja waya wake vizuri, nikaufunga kwa raba.

Mama aliendelea kuja. Wiki ya pili, ya tatu. Dada wa kesi aliandika tena, na tena, hakuna jibu. Alipiga simu zikalia mpaka zikakatika. Mkubwa aliandikia ofisi za serikali hapa, akaambiwa suala linafuatiliwa. Kila siku saa kumi nilisema bado, mama, na kila siku alisema haya.

Kisha yule msichana wa Ghuba, aliyepiga simu mara ya kwanza, akapata siku ya kupumzika, akaenda mwenyewe hospitalini kuuliza. Alimpigia dada wa kesi akilia. Mwili haukuwepo tena. Ulikuwa umezikwa huko huko, kwenye makaburi ya wasio na wenyewe. Walimwambia familia iliandikiwa na haikujibu, na siku zilizowekwa zikapita.

Mama aliambiwa siku hiyo hiyo, ndani ya chumba cha mkubwa, nami niliitwa. Hakupiga kelele. Aligeuka akaniangalia, akauliza kama kweli barua iliandikwa. Nilifungua seva mpya mbele yake, nikatafuta jina la binti, jina la hospitali, jina la nchi, nikatafuta hata kwenye takataka. Hakuna. Nilikuwa na hasira, na hasira ilinipa sauti.

"Mama, hakuna barua iliyokuja," nikamwambia. "Ingekuja, ningeiona."

Nikawaita watu wa hospitali ile waongo. Niliwaita na mengine ambayo sitayaandika. Mkubwa hakunikataza, na dada wa kesi alikuwa anatikisa kichwa kuniunga mkono. Wote tuliamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba sikuwa nadanganya.

Huko nyumbani kwao mambo yakawa mabaya. Ndugu za marehemu mume wake walikuwa wamesikia kwamba familia iliandikiwa ikanyamaza, na familia hapa Nairobi ni nani kama si yeye? Wakaanza kusema kwamba alipokea barua akaificha, kwamba alichoka na shida akamtupa mtoto wao jangwani. Walikuwa wanapanga kuzika mgomba, kama wanavyofanya mwili usipopatikana, na walitaka mama aeleze mbele ya watu siku hiyo. Alikuja ofisini, kwa mara ya kwanza si kuuliza barua, akamwomba mkubwa mtu mmoja aende kumshuhudia. Mkubwa aliniangalia mimi.

Nilienda. Boma lao liko kwenye mteremko, na ilikuwa imenyesha, hata viatu vyangu vya kanisani viliharibika kabla sijasalimia watu. Wanaume walikuwa wamekata mgomba mmoja nyuma ya jikoni, wakaupunguza ukawa kimo cha mtu. Wanawake waliufunga shuka, kisha shangazi mmoja akaleta gauni la kijani ambalo binti aliliacha alipoondoka, wakauvalisha. Mikono ya gauni ilikuwa inaning'inia. Mama aliichukua, mmoja mmoja, akaikunja kifuani. Hapo ndipo nilipolia, na sikuwa nimekuja kulia. Mchungaji alisema wazi kwamba yeye haombei mgomba, ataombea waliobaki, na hakuna aliyebishana naye.

Mgomba ukalazwa ndani ya jeneza, na kabla ya kulishusha, shemeji mkubwa wa mama akasimama. Alisema kuna maneno yanatembea na hayawezi kuzikwa pamoja na mtoto. Akaniita. Nilisimama kwenye tope, nikajieleza mimi ni nani, nikasema barua zote za ofisi hupita mikononi mwangu. Nilisema sikuona barua yoyote. Nilisema mama huyu alikuwa anakuja kila siku ya kazi kuuliza, na mimi ndiye niliyekuwa namjibu. Shemeji akaniuliza kama naweza kuapa. Nikaapa kwa jina la Mungu, kwa sauti, mkono juu. Nilisikia watu wakiguna kwa kuridhika. Mzee mmoja akamwendea mama, akamshika mkono. Baada ya mazishi nilipewa kuku, kama mgeni wa maana, nami nikala nikashiba.

Mwezi mmoja hivi baadaye, shule moja jirani iliomba kompyuta yoyote ambayo hatuitumii. Mkubwa akasema ile seva kongwe iende, bora niifute kwanza isiende na siri za watu. Niliiweka mezani asubuhi, nikafungua ule waya uliokunjwa vizuri, nikaiwasha. Ningeweza kuifuta moja kwa moja. Nilifungua sanduku la barua kwa mazoea tu, kama mtu anavyopapasa mfuko wa suruali kabla ya kuifua.

Kulikuwa na barua moja ambayo haijasomwa. Ilikuwa imefika siku ya saba, Jumapili, saa nne na dakika kadhaa asubuhi.

Niliijua kabla ya kuifungua. Ilitoka hospitalini, ofisi ya mambo ya wageni. Ilisema mwili umehifadhiwa. Iliuliza kama familia inataka kuurudisha nyumbani, au inakubali uzikwe huko. Ilisema isipopata jibu ndani ya siku kumi na nne, utazikwa kwa utaratibu wa huko. Ilisema pia kwamba kuanzia hapo suala liko mikononi mwa idara nyingine na majibu yatumwe huko, kwa anwani mpya iliyoandikwa chini. Kumbe barua zote za dada wa kesi zilikuwa zinaenda kwenye sanduku ambalo hakuna mtu aliyelifungua tena.

Kwao Ijumaa ndiyo siku ya kupumzika. Jumapili ni siku ya kazi kama Jumatatu yetu. Mtu fulani aliamka, akaenda ofisini, akatimiza wajibu wake, wakati mimi nikiimba sauti ya pili. Kompyuta yake bado ilikuwa na nambari yetu ya zamani, kwa sababu siku saba zilikuwa hazijaisha, saa chache tu zilibaki. Nilikaa pale nikapiga hesabu ambayo kila fundi wa kazi hii angeipiga. Ningeichungulia seva Jumapili ile, au hata Jumatatu kabla ya kuizima, ningeiona. Na kama ningekuwa mvivu kabisa, nikaizima Ijumaa ile ile nilipotia tiki, barua ingekuta mlango umefungwa, ingeondoka, ingerudi baadaye, na mwisho ingefika kwenye anwani mpya yenyewe. Ni mimi na mpango wangu tuliofungua mlango, tukaipokea, tukaifungia ndani.

Nilipeleka barua kwa mkubwa. Aliisoma akasimama, akafunga mlango, akakaa tena. Nilitarajia anifukuze, na ningeshukuru. Badala yake aliniambia nifikirie vizuri kabla ya kumwendea yule mama.

"Ameshazika," akasema. "Unataka azike mara ngapi?"

Nilifikiria siku tatu. Kawangware niliacha hata kupika. Mama mwenye ploti alinigongea kuuliza kama naumwa, nikamwambia ni tumbo. Kila nilipofumba macho nilijiona nimenyoosha mkono juu kwenye tope lile. Siku ya nne nilichapisha barua, nikaikunja mfukoni, nikaenda Silanga mchana mapema.

Alikuwa kibandani, amekaa kwenye jerikeni lililopinduliwa, akijaza makaa kwenye mikebe. Alifurahi kuniona. Alinisogezea gunia nikalie, akaniita mwanangu, akaniuliza habari za ofisi. Nilimwambia nimekuja na neno baya, na kwamba neno lenyewe ni langu. Nikatoa karatasi, nikamsomea nikigeuza kwa Kiswahili polepole. Kisha nikamweleza ile Jumapili, tiki nilizotia Ijumaa, seva niliyoizima bila kuitazama. Sikutafuta maneno mazuri. Mahali pengine nililazimika kurudia.

Mikono yake haikusimama. Alijaza mkebe, akapanga makaa juu kwa kipimo, akauweka kando, akachukua mwingine. Alijaza mikebe mitatu. Kisha akaniuliza nani mwingine anajua. Nikamwambia ni mkubwa peke yake. Nikamwambia niko tayari kurudi kwao, nisimame pale pale, niwaambie niliapa vibaya na kosa ni langu, si lake. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo. Nadhani hata nilikuwa nalitamani.

"Huendi," akasema. "Wakisikia barua ilikuja, hawatasikia kitu kingine. Watasema tu niliificha. Wewe uliapa. Kaa na kiapo chako."

Nilijaribu kumwambia kwamba nitawaeleza vizuri mpaka waelewe. Akaniangalia kwa hasira, mara ya kwanza tangu nimjue. Mteja alikuja akataka mkebe mmoja. Akamhudumia, akamuulizia watoto, akamrudishia mfuko wake. Alipoondoka, mama akainyooshea kidole karatasi iliyokuwa gotini mwangu.

Akaniambia nisome tena pale wanapouliza. Nikasoma: wanauliza kama familia inataka mwili.

"Wajibu," akasema.

Nilimwambia, mama, siku zao zilishapita. Wameshamzika.

"Nimesikia. Lakini mtu ameniuliza kama namtaka mtoto wangu, na mimi sijamjibu."

Nikatoa simu. Niliandika anwani ya ile idara herufi kwa herufi, nikaihakikisha kwa karatasi mara mbili. Nikamuuliza niandike nini. Alipangusa mikono kwenye leso, akaiweka magotini, akasema kama anayeongea na mtu aliye mbele yake. Mimi ni mamake. Niko hapa. Ndiyo, tunamtaka. Mleteni nyumbani.

Alitaka nimsomee kabla ya kutuma. Nikamsomea kwa Kiingereza kama nilivyoandika, kisha kwa Kiswahili. Akaitikia kwa kichwa, na nikatuma.